Usaili wa Tatu wa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na miaka arobaini na kitu, ndevu zimeanza kuota mvi, na bado alikuwa mtoto. Sisemi kwa kumtania. Alikuwa mtoto kisheria. Alikula kwenye meza ya watoto, magoti yakigonga ubao kwa chini. Alilala jua likizama, na Bibi, mama yake mzazi, alimkagua miguu kabla hajapanda kitandani. Akijisahau na kuchangia mazungumzo ya wakubwa, aliambiwa akacheze nje, naye akaenda. Huko nje kuna nini cha kuchezea mtu wa kilo tisini, hakuna aliyejisumbua kufikiria.

Kwetu mtu hakui kwa miaka. Anakua kwa kufaulu usaili.

Tunaishi kwenye jengo lililokuwa la ofisi. Siku dunia ya zamani ilipoanguka, umeme ukakatika moja kwa moja na magari yakalala barabarani palepale yalipokuwa, humu ndani ghorofa ya nne palikuwa na usaili wa kazi. Watu walikuwa wamejipanga kwenye korido tangu alfajiri, kila mmoja na bahasha yake ya kaki, wanagombea nafasi moja. Nje kukawa hakutokeki. Wakafunga milango, wakabaki humo wasaili na wasailiwa, na baada ya muda wakaanza kuzaana. Na kwa kuwa hakuna aliyetokea kuwaambia usaili umeahirishwa, wakauendeleza. Mpaka leo nafasi hiyo haijapata mtu.

Basi mtoto akipevuka anafungwa tai, ambayo jengo zima tunayo moja, anapewa bahasha ya kaki ya ukoo wake, anaingia chumba cha vioo. Ndani ya bahasha unaweka chochote kwa sababu haifunguliwi. Yangu ilikuwa na maganda ya vitunguu. Mbele yako wanakaa wasaili watatu, wanakuuliza maswali yaleyale waliyoulizwa mababu. Ukijibu sawasawa, Mwenyekiti anasema, "Tutakupigia," na hapo hapo umekuwa mtu mzima. Unavishwa simu shingoni. Simu zenyewe zilikufa kabla mama yangu hajazaliwa na hakuna aliyewahi kupigiwa, lakini kila jioni utawaona wakubwa wamekaa wanazifuta vumbi kwa heshima zote. Simu ya Bibi ina kazi ya ziada. Akichoshwa na mtu anaiweka sikioni, anakuinulia kidole usubiri, na utasubiri sana.

Majibu tunafundishwa tangu tukiwa wadogo. Tueleze kidogo kuhusu wewe? Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na nina uzoefu wa miaka mitano. Uzoefu wa nini hakuna anayeuliza. Kwetu hata wa miaka minne ana uzoefu wa miaka mitano. Udhaifu wako ni upi? Najituma kupita kiasi. Unajua kompyuta? Ndiyo, Wodi na Ekseli. Mimi kwa muda mrefu niliamini Wodi na Ekseli walikuwa ndugu wawili wa hapo kale, Wodi mpole, Ekseli mkali, na nikiwa na homa nilikuwa namwomba Wodi.

Swali la mwisho ndilo lililommaliza Mjomba. Mwenyekiti anakuuliza, "Je, una swali lolote kwetu?" Jibu ni moja tu: "Sina, asanteni kwa nafasi hii." Hata mtoto anayenyonya angelijibu kama angekuwa na meno.

Mara ya kwanza, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, Mjomba aliwaangalia wasaili akasema, "Ninalo. Hii kazi yenyewe ni ya kufanya nini?" Wanasema Mwenyekiti wa wakati ule alilala kitandani wiki nzima amegeukia ukutani. Mjomba akafelishwa.

Unaruhusiwa kujaribu mara tatu, ila aliyefeli akirudia lazima awe na mdhamini, yaani mtu mzima anayeweka utu uzima wake rehani. Msailiwa akifeli, mdhamini naye anarudishwa utotoni. Mara ya pili Bibi alijitosa kumdhamini mwanawe. Mjomba alijibu yote vizuri, akafika swali la mwisho, akavuta pumzi, kisha akauliza, "Hivi kuna mtu hata mmoja mmeshawahi kumpigia?" Bibi alikaa meza ya watoto mwaka mzima. Alikuwa analazwa na jua, anakatazwa kugusa viberiti, na wajukuu zake wanamwita wakacheze. Aliporudia usaili akafaulu, alimwambia Mjomba kwamba amemzaa mara moja na hakusudii kumzaa tena.

Baada ya hapo nani amdhamini? Hakuna. Miaka ikapita, wenzake wakaoa, watoto wa wenzake wakakua wakavishwa simu, na yeye akawa anawapa shikamoo vijana aliowabeba mgongoni wakimkojolea.

"Lakini kwa nini huwezi kunyamaza?" nilimuuliza siku moja.

"Sikusudii, mpwa wangu. Linakuja lenyewe kama kwikwi."

Pengine angezeekea meza ya watoto bila kinyongo kama si Mama Sabuni. Huyu ni mjane, mikono imejengeka kwa kukoroga, anapika sabuni ya jengo zima kwenye pipa kule chini yalipokuwa maegesho ya magari. Kubeba majivu ni kazi ya watoto, kwa hiyo Mjomba ndiye aliyempelekea majivu, ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni. Mama Sabuni anayachuja maji yake, anatupia kiazi, kiazi kikielea anajua maji yameshika ukali wa kutosha. Mjomba alianza kubaki kuangalia kiazi. Halafu akaanza kuleta viazi vyake mwenyewe. Mwisho kila mtu alijua isipokuwa wao wawili, kisha nao wakajua.

Shida ni kwamba mtoto haoi. Na Mama Sabuni alikuwa anatakiwa na mwingine, Bwana Rasilimali, mmoja wa wale wasaili watatu. Cheo chake kamili ni Rasilimali Watu, amekirithi kwa baba yake, na amefiwa na mke. Alikuwa anashuka maegesho kila Ijumaa kunusa sabuni na kutoa maoni.

Mama Sabuni hakuzunguka. Nilikuwepo nimeshika ndoo aliposema, "Mimi nakupenda, sifichi. Ila siwezi kuolewa na mtu anayelazwa na mama yake. Usaili wa mwaka huu ukipita hivihivi, nitamjibu Bwana Rasilimali. Sina ujana wa kuchezea."

Mjomba aliitika kwa kichwa, akaniangalia mimi. Hakuniomba, na afadhali angeniomba. Nilikuwa nafanya usaili wangu mwaka ule, na wanaorudia huwekwa mwisho kabisa, baada ya wapya wote. Kama ningefaulu, ningekuwa mtu mzima kabla yeye hajaingia.

"Nitakudhamini mimi," nikasema, na mdomo wangu ulipofunga moyo ukaanza kunilaumu.

Kwa sababu mimi nilikuwa na mipango. Kikosi cha waokota vyuma kinatoka mara moja kwa mwaka, kesho yake baada ya usaili, kwenda kuona mji uliolala huko nje. Sikuwahi kuvuka geti. Mkuu wa kikosi alikuwa ameshaniahidi nafasi, na nilikuwa nimeshashona begi. Mjomba akifungua mdomo, begi langu lingekaa msumarini mwaka mzima, na mimi ningelala na jua pamoja naye.

Tukafanya mazoezi kwenye stoo ya mafagio. Mimi nilikuwa wasaili wote watatu, nimeshika kijiko. Nikiuliza, "Una swali lolote kwetu?" na yeye akivuta ile pumzi, nampiga kijiko cha mkono.

"Una swali lolote kwetu?"

"Hicho kijiko umekitoa wapi?"

Kijiko.

"Una swali lolote kwetu?"

"Kwa nini mnasema 'kwetu' na..."

Kijiko. Kufikia mwisho wa mwezi mkono wake ulikuwa umevimba na aliweza kusema "Sina" bila kutetemeka, ingawa jicho la kushoto lilikuwa linacheza.

Siku ya usaili hakuna anayekula mpaka msailiwa wa mwisho atoke, si wasaili wala sisi, kwa sababu hata ile siku ya kwanza watu walishinda na njaa. Ukoo unasimama kwenye korido na kuangalia kupitia kioo, na mlango unaachwa wazi kidogo wasikie. Bibi alisimama mbele kabisa, simu kifuani. Mama Sabuni alisimama nyuma yake na aproni yake, mikono nyuma.

Niliingia wa mwisho kati ya wapya, nikiwa nimebana tai mpaka masikio yanawaka. Katikati alikaa Mwenyekiti, mama mzee sana, mdogo wa umbo, miguu haigusi sakafu. Kulia kwake Bwana Rasilimali, amepaka nywele mafuta. Kushoto Mzee Sinzia, ambaye sina haja ya kueleza alipataje jina. Nilijibu kila kitu. Nina uzoefu wa miaka mitano, najituma kupita kiasi, baada ya miaka mitano najiona nikiwa sehemu ya timu hii. Una swali? Sina, asanteni kwa nafasi hii.

"Tutakupigia," akasema Mwenyekiti, akanivisha simu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani na kioo chake kimepasuka kona moja.

Nikatoka, nikavua tai bado ina joto langu, nikamfunga Mjomba shingoni. Haikutosha vizuri. Aliniangalia kwa macho ya ng'ombe aliyepigwa na mvua, kisha akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo," akasema.

Nyie, mtu aliyenifundisha kutembea. Nikajifanya narekebisha fundo la tai. Bibi akanifinya mgongoni kwa nyuma.

"Mpe marahaba yake, mjukuu wangu. Anakungoja."

"Marahaba," nikasema, na sitaki kuisema tena kwa mtu aliyenizidi miaka ishirini na tano.

Mjomba akaingia, akakaa. Kiti kikalia. Bwana Rasilimali akakohoa na kutangaza kwamba msailiwa huyu anarudia mara ya tatu na ya mwisho, na kwamba akifeli leo atabaki mtoto mpaka anazikwa, na atazikwa upande wa watoto.

"Mdhamini ni nani?"

Nikasikia utu uzima wangu unataka kukimbia, maana ulikuwa haujatimiza hata saa moja. Bwana Rasilimali akanigeukia kwa sauti laini kama mafuta yake ya nywele.

"Binti, unaruhusiwa kukataa. Hakuna atakayekulaumu. Nasikia kesho una safari."

Niliogopa, nikiri hivyo. Niliona geti, niliona begi langu, niliona na Mjomba, ambaye hakugeuka kuniangalia kwa sababu hakutaka kunilazimisha. Kule kutogeuka ndiko kulikonisogeza mguu.

"Ni mimi," nikasema, na nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake kama utaratibu unavyotaka.

Wakaanza. Mchapakazi, mwaminifu, uzoefu wa miaka mitano. Alikuwa anajibu vizuri mno. Udhaifu wake? Najituma kupita kiasi. Wodi na Ekseli aliwataja kwa unyenyekevu hata mtu mmoja kwenye korido akasema amina. Niliona shingo yake inatoka jasho na tai inalowa. Mzee Sinzia alikuwa ameshaanza kukoroma taratibu.

Mwenyekiti akaweka mikono yake midogo juu ya meza.

"Je, una swali lolote kwetu?"

"Sina," akasema Mjomba.

Nikafumba macho kwa furaha. Mapema mno. Jibu lilikuwa halijaisha, lilibaki lile la asanteni kwa nafasi hii, na katika ule mwanya nikaisikia. Ile pumzi. Nilikuwa sina kijiko.

"Isipokuwa moja," akasema.

Bibi aliinua simu akaiweka sikioni na kugeukia ukutani. Mama Sabuni alifunga macho. Mimi nilishika mgongo wa kiti. Bwana Rasilimali alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akanyoosha mkono kuelekea shingoni kwangu kuchukua simu.

"Uliza," akasema. "Uliza bwana, tumezoea."

Mjomba akawatazama mmoja mmoja.

"Mmeshakula?"

Mzee Sinzia aliacha kukoroma.

"Ameuliza," akasema Bwana Rasilimali. "Swali ni swali. Amefeli, na mdhamini wake..."

"Bado," akasema Mwenyekiti.

"Bado nini, Mwenyekiti?"

"Bado sijala. Ameniuliza kama nimekula, namjibu. Tangu jana jioni." Alishusha mikono yake mapajani. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya bibi tu wa kawaida. "Nimekalia kiti hiki tangu nina meno yote. Tai zinapita, bahasha zinapita, wote wanaangalia midomo yangu kama itasema tutakupigia. Huyu huyu mara ile ya pili aliniuliza kitu, sikupata usingizi miezi. Lakini hili hajaniuliza mtu."

"Utaratibu unasema..."

"Utaratibu nimeusikia. Wewe ulishawahi kuniuliza? Tunakaa pamoja hapa kila mwaka, goti na goti." Bwana Rasilimali akaanza kupapasa nywele zake. "Mtoto haulizi wengine kama wamekula, mwanangu. Mtoto ndiye anayeulizwa. Mimi naona hapa nimekaa na mtu mzima."

"Basi tupige kura," akasema Bwana Rasilimali, masikio mekundu. "Mimi nasema afeli."

"Mimi nasema amefaulu."

Wote wakamgeukia Mzee Sinzia, aliyekuwa anatafuta miwani yake iliyokuwa usoni.

"Tunapigia kura nini?" akauliza.

"Akifaulu, usaili umekwisha, tunakwenda kula," akasema Mwenyekiti. "Akifeli, inabidi tuandae hotuba ya kumfelisha, na yake na ya mdhamini."

Mzee Sinzia aliinua mikono yote miwili.

"Tutakupigia," akasema Mwenyekiti kumwambia Mjomba, na akateremka kwenye kiti mwenyewe kumvisha simu, kwa sababu Mjomba alikuwa hawezi kuinuka. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamtoa. Korido ilipiga makofi, na watoto waliokuwa wenzake mezani wakamkimbilia, wakasimama ghafla mbele yake, wakampa shikamoo kwa zamu.

Mama Sabuni alipenya katikati yao, akamtazama.

"Vua hiyo tai," akasema, huku yeye mwenyewe ameshaanza kuifungua. "Imekukaba. Usije ukanifia leo leo."

Bwana Rasilimali alipita pembeni yetu akishuka peke yake. Nilimwonea huruma kidogo, si sana.

Tukashuka kula. Mjomba alisimama mlangoni akaelekea meza ya watoto kwa mazoea, Bibi akamshika kwenye kiwiko na kumwongoza hadi meza kubwa, akamketisha katikati yangu na Mama Sabuni. Magoti yake yalienea chini ya meza bila kugonga popote. Alikaa akiyachezesha huku na huku, anaona raha tupu.

Upande wa pili Mwenyekiti alikuwa anawasimulia watu lile swali, na kila akilisimulia lilikuwa limeongezeka hekima. Watu walitikisa vichwa. Mama Sabuni alichukua kiazi kwenye sahani yake akakiweka kwenye ya Mjomba, kimya kimya, na akaendelea kumtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Bibi alikuwa analia waziwazi na kumwambia kila aliyepita, "Mwanangu huyo. Amenitoka mimi huyo."

Mjomba alikula sahani ya kwanza bila kuinua kichwa. Halafu akaniinamia.

"Mpwa wangu."

"Naam, Mjomba."

"Lile swali."

"Lilikuwa zuri sana, Mjomba. Mimi mwenyewe..."

"Nilikuwa na njaa," akanong'ona. "Ule mlango ulikuwa wazi, nikasikia harufu ya maharage. Nikawaza, hawa wakubwa isije ikawa wameshakula, watoto tukakuta sufuria tupu. Ndiyo nikauliza. Sikuwaza lingine lolote." Alimeza mate, akawatazama watu wote wale, akatazama simu kifuani pake. "Nifanye nini? Nikawaambie?"

Nilimwangalia Mwenyekiti na macho yake yaliyokuwa yanang'aa. Nilimwangalia Mama Sabuni na kile kiazi. Nikataka kucheka nikaona machozi yanakuja, sijui yalitoka wapi.

"Anasema nini huyo?" akauliza Bibi, amejiinamisha juu ya meza, pua nyekundu kwa kulia.

Mjomba alivuta ile pumzi yake. Nikamkanyaga mguu.

"Anasema chakula kitamu, Bibi," nikasema. "Anauliza kama na wewe umekula."

Bibi alinitazama, akamtazama yeye, midomo ikamcheza. Kisha akavuta sufuria, akamwongezea maharage.